Mpiga Matoazi

Kijana alitaka jalada tu.
Ana mgahawa Mikocheni, alisema,
ukuta mmoja ameutengea vya kale:
redio za mbao, saa zilizokata roho,
na sasa bendi yetu, askari arobaini na mmoja
kwenye nyasi, kaptula zimenyooshwa
mpaka mkunjo ungekata mkate.

Nikamwambia, baba yangu yumo humu.
Yupi?
Nikamwonyesha tuba, safu ya nyuma,
lile dude la shaba linalomeza mtu.
Nyuma ya tuba pana sikio.
Hilo ni lake.

Koplo Eustaki Komba.
Mabruda wa Peramiho walimfundisha
kusoma noti kabla hajajua kusoma saa.
Kazi yangu, alituambia, ni kutopiga.
Tarumbeta zinalia, ngoma kubwa inaburuta mabuti,
yeye kasimama, sahani mbili kifuani,
anahesabu: ishirini na tisa, thelathini,
thelathini na moja,
mbili,
paa!
Mara moja tu. Kisha anaanza upya.
Serikali, alisema, inanilipa kwa kunyamaza.

Hata nyumbani, kota za Barabara ya Kilwa,
mama akiuliza, "Ada ya Klemensia je?"
jibu halikuja mpaka sufuria ichemke.
Mama hakununa. Aliendelea kumenya viazi
akijua litaangukia mahali pake.

Jumapili tuliazima gramafoni ya Sajenti Ulimboka.
Upande wa kwanza gwaride: tuliandamana
kutoka kitandani hadi mlangoni, geuka nyuma,
chumba ni kifupi, jeshi lilikuwa likigeuka tu.
Upande wa pili nyimbo za kuipenda nchi,
ala tupu, hazina maneno,
nasi tukazitilia yetu:
*maharage, maharage,
nyama ni ya Pasaka.*
Baba alicheka kwa mabega.

Lakini wimbo wa tatu aliuruka.
Daima. Aliinua sindano kwa kidole kimoja
kama anayemtoa mdudu kwenye uji.

Tulikuja kuusikiliza baada ya arobaini yake.
Klarineti zinapanda, zinapanda,
na kabla hazijafika kileleni
toazi linaingia. Mapema. Nusu hatua.
Asiyejua atadhani ndivyo ulivyotungwa.

Mama ndiye aliyetueleza, akiwa anakunja vyandarua.
Mwaka ule Methodi alikuwa vitani, Kagera,
na barua yake ya mwisho ilikuwa na wiki tisa.
"Siku ile studio," alisema,
"baba yenu alikuwa anahesabu kitu kingine."
Kiongozi wa bendi alitaka warudie.
Mkanda ulikuwa umekwisha.

Methodi alirudi, mzima, mnene kidogo,
na viatu si vyake.
Baba alimtazama mpaka chai ikapoa.
Kisha akasema: "Kaa."

Haya yote sikumwambia kijana.
Angeniongezea bei, au angenihurumia,
na vyote viwili vinachosha.
Nilimwambia elfu ishirini.
Akalishika jalada kwa ncha za vidole,
akalipuliza vumbi, akalinusa hata,
kisha akanipa sahani nyeusi kama mtu anayerudisha kifuniko.
"Hii mama utaitupa?"
Nikaitia ndani ya foronya.

Sikio litaning'inia Mikocheni
juu ya watu wanaokula pweza
na hakuna atakayeligundua. Sawa.
Hata alipokuwa hai lilikuwa nyuma ya tuba.

Nikazihesabu noti, za elfu tano, mpya,
zimegandana.
Moja, mbili, tatu, nne.
Tano.
Nikanyamaza.
Akavaa kofia ya pikipiki. Nikanyamaza.
Akalifunga jalada kwa mpira, akalijaribu kama limekaza,
akapiga kiki, akafika getini,
taa ya nyuma ikawaka nyekundu

"Wewe!"